Mashua Yangu Itapanda Kilima

Jumatatu, 9 Juni

Mashua imefika kutoka Kibondo! Nyeupe, tumbo nene, imelala juu ya tela lake kama mheshimiwa. Niliinunua kwa mstaafu aliyeshindwa kueleza kwa nini alikuwa nayo. Mimi ninajua kwa nini ninayo. Miaka yote watu wa ziwani wametuita sisi wa Kasulu watu wa milimani, watu wa maharage. Sasa mlima una mashua. Waijibu hoja hiyo.

Dereva wa lori aliitazama njia ya kupandia kwangu, akasema ana familia. Mwoga. Akaliacha tela chini, mbele ya duka la Hamis. Njia ni nyembamba, sikatai. Kulia ukuta wa Hamis, kushoto migomba ya mke wangu Valeria, na mwinuko ambao hata mbuzi hupumzika katikati.

Hamis, mzaliwa wa Ujiji kule ziwani, akatoka na kikombe cha kahawa. Akaizunguka mashua polepole.

"Bwana Obedi," akaniuliza kwa upole, "maji yanakuja lini?"

Vijana wa barazani kwake wakacheka. Mmoja akanisalimu "mambo", mkono mfukoni. Nikamshukia. Nilishaandika gazetini, na sifuti hata nukta: Muha, mtu wa huku kwetu, husalimu kwa mikono miwili, kwa makofi, mpaka mwisho wa salamu. Kijana akautoa mkono mfukoni. Ushindi wa kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Amekuja mwenyekiti wa mtaa, Mwalimu Ghati, mstaafu kutoka Tarime. Jumapili Hamis anamwoza binti yake Mwanaamina, na wageni wanahitaji pa kuegesha. Tela liwe kwangu juu ifikapo Jumamosi jioni. La sivyo mashua inakwenda mnadani, iwe birika la kunyweshea ng'ombe. Tayari wafugaji wamekuja kuipima kwa fimbo.

Birika! Nilimweleza kwa kirefu jinsi historia itakavyomhukumu. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, Jumamosi jioni.

Hamis akajitolea kuleta kenta yake, lori dogo, na waya wa chuma. Nikakataa. Mashua ya kilima haivutwi na kenta ya Ujiji. Valeria alipoulizwa maoni alisema yeye ana maharage jikoni.

Alhamisi, 12 Juni

Benedicto, jirani wa nyuma, amekuja na pikapu. Ikafungwa kwenye tela, ikanguruma, magurudumu yakazunguka palepale. Tela halikusogea. Vumbi lilisogea. Lote lilikwenda kwenye ukuta wa Hamis, ambao mafundi walikuwa ndiyo kwanza wameupaka chokaa kwa ajili ya harusi. Bado mbichi.

Hamis akapitisha kidole ukutani. Akasema yeye aliomba nyeupe.

Nilimjibu kwamba udongo mwekundu ndiyo rangi ya asili ya wilaya hii. Akaingia ndani.

Ijumaa, 13 Juni

Mashine zimefeli, sasa ni watu. Nimewaita wanaume wa mtaa, nao wamekubali. Valeria atapika. Nikawahutubia kuhusu heshima ya nyanda za juu mpaka ugali wa kuwakaribishia ukapoa.

Rashid, fundi baiskeli, alipendekeza watu wawili wafuate nyuma na mawe ya kuzuia magurudumu. Nilikataa mbele ya wote. Mawe ni ya wanaopanga kushindwa.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi tulishika kamba. Mimi mbele kabisa, nikiita. Tela likapanda! Tukaupita ukuta wa Hamis. Tukaipita migomba, hakuna jani lililopasuka. Yule kijana wa "mambo" alikuwa akivuta kama ng'ombe wa plau. Kule chini Hamis aliweka kikombe chake chini. Zikabaki hatua chache kufika getini kwangu. Niliona machozi ya Valeria. Amesema baadaye ulikuwa moshi.

Hapo akatokea juu yetu Mzee Ildefonsi, redio kwapani, anakwenda kununua betri.

"Mwakeye," akatusalimu kwa Kiha.

Ningefanya nini? Mzee wa umri ule! Nikaachia kamba, nikainama, nikapiga makofi. Wote nyuma yangu wakaachia, wakainama, wakapiga makofi. Mikono miwili, taratibu, kwa adabu. Hata yule kijana. Mzee akauliza habari za watoto, tukajibu. Akauliza za mashamba, tukajibu. Ndipo alipouliza kile kilichokuwa kinashuka ni kitu gani.

Tela lilishuka limenyooka. Halikugusa ukuta wala mgomba. Likavuka barabara, likaingia chini ya turubai la harusi lililofungwa asubuhi ile na kusimama katikati kabisa, mbele ya viti vya maharusi. Hakuna aliyeumia, wapishi walikuwa upande wa pili.

Mwalimu Ghati akatazama saa yake. Wafugaji wakatazama mashua.

Jumapili, 15 Juni

Ushindi!

Wageni wa Ujiji walifika mapema kabla Hamis hajapata watu wa kuliondoa tela. Wakaikuta mashua chini ya turubai. Watu wa ziwa wale! Wazee wao wakadhani imewekwa kwa heshima yao, wakamshika Hamis mkono, wakamshukuru. Hamis akanitazama. Mimi nikamtazama. Hakukanusha.

Mashua ikajazwa barafu na soda. Mwanaamina akapigwa picha ameketi ukingoni. Mwalimu Ghati naye alitoa soda yake mle, akanywa, akasema haitapendeza kesho yake wanywee ng'ombe. Amenipa hadi Jumamosi ijayo.

Jioni Hamis alikuja na sahani ya pilau.

"Bwana Obedi," akasema, "kenta bado ipo."

Pilau niliipokea. Kenta nimeikataa.

Jumamosi tunapanda tena. Watu walewale, kamba zilezile, mawe hakuna. Nimechunguza kasoro nzima ya jana na nimeipata: tulikosa mtu wa kututia moyo. Nimekwenda kwa Mzee Ildefonsi, nimemsalimu mpaka mwisho, nimemwomba asimame getini juu kabisa. Amekubali. Atakuja tukiwa tumeshafika katikati, ili kila mtu amwone vizuri.