Uzinduzi wa Basi la Alfajiri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Idara ya Vipimo na Mizani, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika kwa niaba yake. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi. Wakuu wa vitengo mlioketi. Makaimu wakuu wa vitengo mliosimama. Ndugu wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati Kuu ya Kubana Matumizi. Mabibi na mabwana. Na wewe fundi wa mizani, uliyeingia ukumbini na sanduku la safari kinyume cha utaratibu: nawasalimu nyote kwa pamoja, na walio nyuma nawasalimu kwa namna ya pekee, kwa kuwa spika ya upande wao imezimwa ili kuokoa umeme. (Makofi safu ya mbele. Safu ya nyuma: "Anasema nini?")

Ndugu watumishi, miaka mitatu iliyopita, nilipoteuliwa kuwa Mkurugenzi wenu, niliikuta Idara hii katika hali ya kusikitisha, ambapo mtumishi mwenye ndege ya alfajiri alikuwa akipanda teksi hadi mlangoni mwa uwanja wa ndege na kushuka hapo amenyooka, hana hata tone la jasho, kana kwamba fedha za umma zinaokotwa njiani. Nikasema hapana. Nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaandaa hadidu za rejea, hadidu za rejea zikazaa andiko, andiko likafanyiwa upembuzi yakinifu, na upembuzi yakinifu ukabaini kwamba nauli ya teksi hupanda ghafla ikishapita mzunguko wa barabara kuu, kilomita mbili na nusu kabla ya uwanja. Ndipo nilipoelekeza kwamba kila msafiri ashuke kwenye mzunguko huo na amalizie kwa miguu, akiwa amevaa nguo zake zote ili sanduku liwe jepesi. (Makofi. Mhasibu anajifuta jasho kwa kukumbuka tu.)

Matokeo yanajieleza yenyewe. Asilimia tisini na sita ya watumishi walifika uwanjani, na humo tumewajumuisha waliofika baada ya ndege kuondoka, kwa sababu kigezo chetu cha tathmini kilikuwa kufika. Mkaguzi wa pampu za mafuta alipelekwa bure na gari la mikate, akapanda ndege akiwa na unga hadi kwenye nyusi, na huo ndio ubia wa sekta ya umma na sekta binafsi tunaouhubiri kila siku. Bwana stoo alitangulia jioni ya kuamkia safari, akalala juu ya toroli, akaamka amebandikwa lebo ya mizigo. (Kicheko. Bwana stoo: "Nilikaribia kupakiwa.")

Hata hivyo, sisi si watu wa kubweteka. Leo hii nazindua rasmi Mradi Jumuishi wa Basi la Alfajiri, niliowaahidi tangu siku nilipoteuliwa, basi la viti ishirini na vinane, litakalomfuata mtumishi hadi mlangoni kwake na kumfikisha uwanjani kwa ufanisi, tija na weledi. Mradi umefikia asilimia themanini. (Karani wa majalada: "Mkurugenzi, asilimia themanini ya basi ni ipi? Magurudumu yamo?") Nakushukuru, karani. Asilimia themanini ni nyaraka. Tunayo ratiba, tunazo kanuni za abiria, tunayo sare ya kondakta, na tunayo fomu ya maombi, ambayo ni lazima isainiwe na afisa usafirishaji asubuhi ya siku yenyewe ya safari. ("Afisa anaingia kazini saa mbili.") Saa mbili kamili, na hajachelewa hata siku moja. Mwigeni.

(Fundi wa mizani anasimama: "Samahani, Mkurugenzi. Ndege yangu ni kesho, saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri. Naenda kufanya mtihani wa ukaguzi. Nimeukosa mwaka juzi, nikaukosa mwaka jana, na nikiukosa kesho jina langu linafutwa. Nauliza tu, basi linanipitia saa ngapi?")

Swali zuri. Ndugu fundi, mara zote mbili ulishushwa kwenye mzunguko, ukatembea vizuri, ukakuta mlango wa ndege umefungwa. Idara inakupa pole, na inakupongeza pia, kwa sababu mtumishi aliyekosa ndege hadai posho ya kulala huko aendako. (Kicheko meza kuu.) Kuhusu kesho, nakushauri uamke mapema, kwa moyo wa kizalendo.

(Karani: "Si na wewe unasafiri na ndege hiyohiyo? Gari lako lina viti vitatu vitupu. Mbebe dada wa watu.") Tusichanganye mambo. Ni kweli nasafiri, kwenda kutoa mada juu ya kubana matumizi. Lakini viti vile si vitupu. Vimekaliwa na hadhi ya ofisi. Na ukitaka gari limpeleke yeye kwanza kisha linirudie mimi, huko ndiko mafuta yanakopotelea. Kwa hiyo, katibu andika: kuanzia jioni hii, gari la Idara litakwenda uwanjani mara moja tu kwa kila ndege, na dereva atakayekwenda mara ya pili kwa ndege ileile hana kazi. (Makofi.)

(Mzee Gia, dereva wa Mkurugenzi, kutoka mlangoni: "Mara moja tu, mheshimiwa?") Mara moja, Mzee Gia. ("Hata akibaki mkubwa?") Amri haina mkubwa wala mdogo. Katibu, umeandika? ("Nimeandika, na muhuri nimeshagonga.") Safi kabisa.

(Mzee Gia anabeba sanduku la fundi: "Mwanangu, twende. Gari hulala kwangu siku zote, na kwangu ni nyuma ya uwanja. Mama watoto atakutandikia, alfajiri nakushusha mlangoni." Fundi: "Mzee wangu, si watakufukuza?" "Wanifukuze kwa lipi? Nakwenda mara moja." Wanatoka.)

Ndugu zangu, msigeuke. Mlio huo mnaousikia uani ni wa basi letu linaloingia. (Watumishi wamejaa madirishani. Bwana stoo: "Linatoka, mheshimiwa. Tena lina bendera yako.") Katibu, amri ile inafutwaje? ("Kwa kikao cha Bodi. Mwezi ujao.")

Naam. Kwa kumalizia, nikisema "Basi la Alfajiri", itikieni "Tunalipanda". Basi la Alfajiri. ("Liko wapi?") Kubana matumizi. ("Kwa wote.") Inatosha, inatosha.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, kwa makofi yenu, na kwa kulisubiri miaka mitatu basi ambalo, kwa kuwa sasa nalihitaji mimi mwenyewe, naona niseme ukweli: halikununuliwa, halikuagizwa, wala hakuna aliyewahi kuliulizia bei. Ahsanteni sana. Kuna mwenye raba za saizi arobaini na tatu?