Uchaguzi Huru wa Wanyama wa Bahari, Butihinda

Umma wa Butihinda, na vilima vyote vinavyotuonea wivu, unatangaziwa kwamba mtoto mdogo sasa ana ruhusa ya kuchagua. Katika somo la wanyama wa bahari, kila mwanafunzi wa darasa la pili atachagua mwenyewe kazi ya kufanya: kuchora, kufinyanga, kuimba au kuigiza. Agizo limetoka kwa wakubwa wa elimu, Gitega. Burundi haina bahari, lakini hiyo si sababu ya kukwamisha agizo.

Mimi, Theodosia, niliteuliwa Mtaalamu wa Bahari na Katibu wa Kamati ya somo hilo. Sifa yangu ilikuwa moja: nimerudi kutoka Tanzania. Tanzania ina bahari, basi mimi nimeiona. Kweli ni kwamba nilikaa kambi ya wakimbizi ya Kasulu, na kutoka Kasulu kwenda baharini mtu anaweza kuzeeka njiani. Maji makubwa niliyoyajua yalikuwa ya pipa la kukingia mvua. Lakini cheo kilikuja na kiti chenye egemeo, na magoti yangu yalikubali kabla yangu.

Agizo lilisema watoto wawe na hiari. Nikalitia kwenye Kiswahili, kwa ajili ya watoto waliorudi ambao Kirundi bado kinawapiga chenga, nikaandika "uchaguzi huru na wa haki." Hilo "na wa haki" halikuwemo. Lilijifuata lenyewe, kama mbuzi anavyomfuata mwenzake. Kamati ikaona kumbe huu ni uchaguzi, na uchaguzi bila kanuni ni fujo. Tukatunga kanuni. Ya kwanza: mtoto yuko huru kuchagua kazi yoyote ili mradi ni kuchora nyangumi, maana Bwana Mkaguzi wa Gitega alikuwa ameshaandaa picha ya kuigwa. Ya pili niliitunga mimi, na niliirudia kwa sauti kwa raha zangu: asiyetamka chaguo lake kwa kinywa chake hajakomaa kuchagua, arudi darasa la kwanza.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipomkumbuka Lucia.

Lucia ni mjukuu wangu, wa darasa hilohilo la pili. Nyumbani anaongea mpaka kuku wanatafuta pa kujificha. Shuleni, tangu siku ile wenzake walipocheka Kirundi chake, amefunga mdomo kama duka la siku ya msiba. Mwalimu Melania humsubiri kwa upole, lakini kanuni haina upole.

"Lucia, mama, sema tu 'kuchora.'"

"Sitaki kuchora."

"Basi sema unalotaka."

"Shuleni?" akauliza, kana kwamba nimemwambia akaongee ndani ya chungu.

Nikamwendea Kassimu, makamu mwenyekiti, anayeuza ndagala sokoni, wale dagaa wa ziwani, nikamwomba tuifute kanuni ya pili.

"We ndiyo uliandika," akasema. "Mi nilipiga makofi tu. Na ndagala yangu je? Iko ya ziwa, kamati ikaipa uraia wa bahari kwa kanuni ya tatu. Tukifuta moja, zote zitaanguka. Acha tu, maman. Kanuni iko na mwandiko mzuri."

Siku ya uchaguzi ikafika, nami nikawa darasani na daftari la ripoti. Melania alikuwa amesoma agizo lenyewe, si tafsiri yangu, akawaacha watoto wachague kweli. Nyangumi akakosa hata mtu mmoja. Wote walitaka kuigiza kaa, kwa kuwa ndiye mnyama pekee wa somo lile waliyewahi kuona nduguye, kwenye kijito cha bondeni. Mwalimu akisema "kaa," wanainama, mikono na miguu chini, wanakwenda upande. Lucia peke yake alibaki kwenye benchi la nyuma, midomo ameibana.

Bwana Mkaguzi Leonardi akaingia, viatu vinang'aa, nyangumi kwapani. Watoto wakasimama kumsalimu. Kwa heshima ya waliorudi akatumia Kiswahili chake, ambacho ni cha amri tu.

"Bon. Kaa!"

Darasa likashuka sakafuni na kuanza kwenda upande.

"Nimesema kaa! Kaa wote!"

Wakaongeza mwendo. Mmoja akamfinya suruali, kwa kuwa kaa hufinya. Hilo nililifundisha mimi, Mtaalamu.

"Donc, madame, hawa hawasikii?"

"Wanasikia sana, Bwana Mkaguzi," Melania akasema. "Ni lile neno tu."

"Neno gani? Kaa?"

Wakamjia tena. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Mbele kaa, nyuma ukuta. Akamnyanyua nyangumi juu ya kichwa kama mtu anayevusha mzigo mtoni, akaanza kuuambaa ukuta kuelekea mlangoni, magoti yamekunjika, mguu kando, mguu kando.

Kwenye benchi la nyuma kikapasuka kicheko ninachokijua.

"Bibi! Ona, mzee amechagua kaa! Na mi nachagua kaa!"

Hakuna aliyemcheka Lucia. Walikuwa na mwingine wa kumcheka. Akashuka, akawapita wenzake wote kwa upande, anapiga kelele kama yuko nyumbani.

Kwa furaha niliandika ripoti bila kuisoma upya: "Lucia ametamka, amechagua kaa. Bwana Mkaguzi naye, kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, amechagua kaa."

Gitega ripoti ilisomwa na Hamadi, karani wao wa Kiswahili. Kwa Kiswahili cha mtaani kwake, mtu aliyechagua kaa amechagua kubaki. Wakubwa wakaguswa sana. Mkaguzi wa mjini kuomba mwenyewe kuishi Butihinda! Ikaja barua ya pongezi, na ndani yake uhamisho. Uchaguzi, walisema, umekuwa huru na wa haki, na matokeo hayakatiwi rufaa.

Sasa Bwana Mkaguzi anaishi nyumba iliyo nyuma ya shule. Kila asubuhi ananipitia kuuliza kama kamati imeshaandika barua ya kusahihisha. Namsogezea kile kiti chenye egemeo.

"Kaa, Bwana Mkaguzi," namwambia. "Bado tunachagua maneno."

Naye huchungulia kwanza nyuma yangu kuona Lucia yuko wapi, ndipo anakaa.