Kontena Lililosahaulika Voi

Sylus wa Voi hakuwa mwizi, na ukimwita mwizi atanuna wiki nzima. Mwizi huchukua cha mtu akatoroka. Sylus aliuza cha mtu, kisha akashikana mkono na mnunuzi kwa heshima zote. Kwa hiyo alipoliona kontena tupu nyuma ya stendi ya malori, limekaa miezi bila wa kuliulizia, moyo wake ulicheka. Mamia hupita hapa kila siku kutoka bandarini kwenda Uganda na Rwanda. Moja likipotea, nani atajua?

Na shida alikuwa nayo. Jumamosi wajomba wa Wakio, mchumba wake, walimngoja kijijini Mghange aje na ng'ombe wawili wa mahari, naye hakuwa hata na kuku. Asipofika, kulikuwa na mwalimu wa Wundanyi aliyekuwa akimnyemelea Wakio. Sylus alimpenda yule msichana kweli, bila ujanja.

Akamwendea Mzee Ndeti, muuza vigae, mtu wa ng'ombe wengi na maneno machache.

"Mzee wangu, nauza kontena. Toboa dirisha, paka rangi, tayari una duka! Ng'ombe wawili tu."

Ndeti akalizunguka, akaligonga kwa fimbo. "Ulilipata lini?"

"Ni hii majuzi tu, mzee."

"Majuzi ni mbaya. Watu watasema ni la wizi. Andika umekuwa nalo tangu Februari, uweke sahihi na namba ya kitambulisho. Mimi ni mtu wa kanisa, kijana, sitaki maneno."

Sylus alimwonea huruma. Akaandika yote, hata namba iliyochorwa mlangoni, na kwa kutia chumvi akaongeza: "Nililichukua mwenyewe, bila msaada wa mtu."

Ijumaa asubuhi alikuwa akiswaga barabarani ng'ombe wawili aliolipwa na Ndeti, anapiga mluzi, lori likasimama mbele yake. Akashuka dada mmoja aliyevaa jaketi la kung'aa.

"Sylus? Naitwa Wendy, natoka kampuni ya meli, Mombasa. Asante kwa kukiri."

"Kukiri nini, dada?"

"Kontena huazimwa. Ukishatoa mzigo unalirudisha bandarini, ukichelewa unatozwa kila siku. Mzee Ndeti alileta vigae nalo, halafu akasema limeibwa Februari. Hatukumwamini, mpaka jana alipotuletea barua yako. Sasa tumemfutia faini yote."

"Lakini hiyo ni barua ya kuuza!"

"Kuuza kontena letu? Basi hilo ni kosa la pili. Chagua: polisi, ama ulipie lori lilirudishe leo."

Sylus akawatazama ng'ombe. Dereva wa lori naye akawatazama, akatabasamu.

Jumamosi saa sita Sylus alipiga simu Mghange. "Wakio mpenzi, ng'ombe wamepitia Mombasa kidogo. Waambie wajomba wavumilie."

"Wajomba wameshiba, Sylus. Mwalimu amefika tangu asubuhi na ng'ombe wake watatu."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimewapikia chai ya posa," akasema Wakio, akakata simu. Sylus akakaa chini palepale stendi, akalia mbele za watu.