Gundi ya Fungate

Jumapili, 8 Julai

Na tena, kama nilivyokuwa nikimwambia Arafa asubuhi, hakuna mwanamke mwingine Kilindoni anayeweza kusoma biolojia huku hina imempanda hadi viwiko. Siku ya pili ya fungate. Mke wangu! Nimeliandika neno hilo mara tatu pembeni mwa ukurasa ili nilizoee.

Kasoro moja tu: Bi Kijakazi, somo wake, yaani kungwi aliyemfunda. Kwa desturi somo hukaa na maharusi siku saba, na huyu anakaa kweli. Nikimnong'oneza mke wangu neno tamu, Bi Kijakazi anaguna mlangoni. Tukimaliza kula, sahani zimeshaondoka. Niliposifia macho ya Arafa mara ya tisa, mama huyo alisema, "Hafidhi baba, amesikia. Hata kuku wamesikia." Mkavu kama kuni, yule mama.

Jumatatu, 9 Julai

Jambo zito. Jumatatu ijayo Arafa atafundisha kipindi cha majaribio mbele ya Mwalimu Elineema, mkuu wa shule, aliyetoka bara mwezi uliopita. Nafasi ni moja. Akiikosa atatafuta kazi bara, nami nitabaki kukumbatia mto. Mshindani wake ni Hosea, mtu wa miwani, anayepigia mstari hata jina lake mwenyewe. Sipendi anavyotembea.

Jumatano, 11 Julai

Arafa kanieleza mada. Seli za neva hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo mno. Seli ya kwanza inamwaga kemikali, zinavuka mwanya, zinatua kwenye vipokezi vya seli ya pili. Kemikali ileile yaweza kuamsha seli moja na kutuliza nyingine, kutegemea imetua kwenye kipokezi gani. Nilidhani anasimulia habari zetu!

Kando ya neva kuna seli za glia. Hapo nilipiga miayo. Arafa anadai nazo zina vipokezi, zinasikia ujumbe, zinajibu, na zinazoa kemikali zilizobaki ili neva isiendelee kupiga kelele. Wambeya, kwa maneno mengine.

Ametengeneza mfano. Vifuu viwili vya nazi ndizo neva, mikia yake kamba za mwani. Kunde ndizo kemikali. Kifuu cha tatu, chenye matundu, ndiyo glia. Maskini mpenzi wangu, kaacha kamba zikiwa hazijaungana.

Alhamisi, 12 Julai

Nimetoroka fungate kwa kisingizio cha kununua Panadol. Nilikwenda kumpeleleza Hosea. Yule mjinga kanikaribisha chai na kunifungulia daftari. Glia, alisema, ni neno la Kigiriki, maana yake gundi, kwa sababu watu wa kale walidhani... Sikungoja wa kale walidhani nini. Nilikwisha kuipata siri.

Jumamosi, 14 Julai

Arafa alipokwenda kuoga, nilifanya kazi. Nimeunganisha kamba kwa gundi ya mafundi viatu. Ule mwanya wa aibu haupo tena. Kifuu cha glia nimekijaza gundi hadi mdomoni. Bi Kijakazi aliuliza harufu ile ni ya nini. Nikamwambia ni sayansi.

Jumatatu, 16 Julai

Darasani. Arafa kamwaga kunde. Hazikuvuka popote, zote zimeganda kama nzi kwenye asali. Aliitazama gundi. Akanitazama mimi dirishani. Macho gani yale! Hosea, kwenye kiti cha nyuma, alisafisha miwani.

Mwalimu Elineema akauliza somo lake liko wapi sasa. Arafa akamwonesha Bi Kijakazi aliyemsindikiza: "Somo wangu huyu hapa." Mzee wa bara, asiyejua somo wa namna hiyo, akatafuta kitabu mikononi mwa Bi Kijakazi.

Ndipo Arafa akaniita mimi ndani, akanipa mfuko wa kunde zilizobaki. Mimi neva ya kwanza, yeye ya pili, hatua tatu kati yetu. Nikirusha kunde, zikimgusa, anainua mkono. Nilirusha kwa mahaba. Nilirusha konzi kwa konzi. Mkono wake ukawa haushuki, nywele zimejaa kunde. Kisha Bi Kijakazi akaingia katikati na ufagio, akazoa zilizozagaa. Moja ilimpiga puani. Akanifumba kiganja: "Basi, bwana harusi. Umesikika." Mkono wa Arafa ukashuka. Darasa lilicheka, kisha likaandika.

Jumatano, 18 Julai

Arafa kapata kazi! Barua ya Mwalimu Elineema inamsifu na kumwalika Bi Kijakazi kwa kidato cha sita. Mimi sikutajwa, nadhani kwa heshima. Arafa ameniomba kwa upole nisiguse vifaa vyake tena maishani. Anaona haya kunisifu.

Fungate ilikwisha tangu Ijumaa, ila Bi Kijakazi alingoja kipindi kipite; leo kaenda kwake. Hatimaye tuko wawili. Nimemwambia mke wangu mambo matamu tangu chai ya asubuhi bila kukatizwa na mtu. Adhuhuri akafunga kichwa kwa kanga, akauliza kama Bi Kijakazi hawezi kurudi, walau wiki moja. Ni hili jua kali, limempanda kichwani.

Nasikia mada inayofuata ni figo. Nina mawazo kuhusu figo. Kabla mwezi huu haujaisha nitamtembelea Mwalimu Elineema ofisini kwake, nimweleze mawazo hayo yote.