Colombe Amekataa Mende

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa kumi, 1999

Colombe hali. Nimemwekea mende mnono, mwenye afya kuliko mimi. Mende akampanda mgongoni, akatembea kidogo, akashuka upande wa pili. Colombe kimya. Zamani mende wa namna hiyo hakuishi hata muda wa sala ya Baba Yetu.

Ni ule mguu tu. Mwezi wa nane Papa Aloys, jirani yangu, alikuja kumtazama. Nikafungua sanduku la kioo ili aone buibui mkubwa kuliko kiganja chake. Aloys akacheka, akasema dudu lenyewe lina manyoya kama soksi ya padri. Nikastuka, kifuniko kikaanguka, mguu mmoja ukabaki nje. Kwa hiyo mguu ule uko kwenye roho ya Aloys. Mimi nilikuwa nimeshika kifuniko tu.

Colombe aliachwa kwangu na bibi mmoja muzungu wa utafiti, siku aliyokimbia vita mwaka jana. Jina nilimpa mimi. Kwa Kifaransa maana yake njiwa, ili watu wasiogope. Wanaogopa, namshukuru Mungu. Sanduku lake limekaa juu ya kasha la mbao, na ndani ya kasha iko mashini ya kushona ya Priscille, bibi yangu wa ndoa. Serikali ninayoifanyia kazi sijui iko wapi siku hizi, nayo haijui mimi niko wapi. Tunakula kwa mashini ile.

Mwezi wa tano askari waliingia kutafuta vitu vya kubeba. Mmoja akafunua kitenge kilichofunika kioo. Alitoka bila kofia. Kofia bado ninayo. Tangu siku ile hakuna askari aliyekanyaga kizingiti chetu, na avenyu nzima imeleta vitu vyake kwangu: redio ya Aloys, vitenge vya Maman Bibiane, sufuria kubwa za shirika letu la kanisa. Colombe akifa, mashini inabebwa, na sisi tutakula mende.

Tena Jumapili, baada ya misa, tunachagua nyumbakumi mpya, mzee wa nyumba zetu. Tuko wawili tunaotaka. Aloys ana mdomo. Mimi nina Colombe. Basi apone, au angalau afe Jumatatu. Na mtu asijue.

Jumatano, tarehe 6

Nimekwenda kwa muganga wa dispensari. Nikamuuliza kinini, dawa ile ya malaria, wanatoa kiasi gani kwa mgonjwa mwepesi. Akauliza mwepesi namna gani. Nikasema kama yai. Akauliza amezaliwa lini. Nikasema ni mtu mzima, tena ana tabia. Akaita mgonjwa mwingine.

Sawa. Nimemtibu mwenyewe. Mafuta ya mawese pale mguu ulipokatika. Kamfa, ile kafuri ya kabati, pembeni. Chupa ya maji ya moto chini ya kioo. Pamba iliyolowa bia karibu na mdomo. Bia iliyobaki nilikunywa mimi, maana anayeuguza naye anachoka. Priscille akauliza kwa nini maji ya moto yanalala na dudu, na yeye anatetemeka na mvua hii. Nikamwambia ni mambo ya usalama. Akaniambia basi maharagi yangu nayo yapikwe na usalama huo.

Aloys alipita asubuhi, akauliza habari za binti yetu. Nikajibu anakula kama askari. Akataka kumwona. Nikasema amelala. Akashangaa: amelala saa nne asubuhi? Nikamwambia amekesha akilinda redio yako. Akaenda zake. Nilifurahi mpaka mchana.

Ijumaa, tarehe 8

Tumbo la Colombe limekuwa jeusi, nywele za nyuma zimepukutika. Amejifumia mkeka mweupe chini, mzuri, safi. Anatandika kitanda cha kufia. Ninakonda.

Aloys si mjinga. Leo amekuja na Maman Bibiane na wazee wengine wawili, eti wanataka tu kumsalimia mlinzi kabla ya uchaguzi. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilifunga uzi mweusi wa Priscille kwenye pamba ndani ya sanduku, nikapitisha uzi chini ya meza hadi kwenye kidole changu cha mguu. Mpango: nivute, pamba itikisike, kitenge kitikisike, wote wakimbie.

Nikavuta. Uzi ukashika kitenge, kitenge kikaanguka chote, na Colombe akaonekana, ameshikamana na mkeka wake, hatikisiki hata kidogo. Maman Bibiane akasema kwa huruma, "Papa Murhula, mutoto huyu iko mugonjwa." Aloys akainama, akatazama, akasema ana macho manane na yote yamechoka.

Jioni yake Aloys alikunywa pombe pale penye njia panda, mahali askari nao wanakunywa. Yeye anasema hakutaja kitu cha Colombe mbele yao. Aloys akiwa na chupa mbili hujui hata kama atakumbuka jina lake.

Jumamosi, tarehe 9

Amekufa. Chali. Miguu saba juu.

Priscille alikuwa ameenda sokoni Kadutu. Nilibaki mimi na yule maiti mdogo. Nikafikiria mashini. Nikafikiria uchaguzi. Halafu, sijui kwa nini, nikakumbuka usiku wa mabomu, watu wote walikimbilia chini kwenye ziwa, nami nilibaki saloni na Colombe kwa sababu sanduku ni zito, na alikuwa ananitazama. Nikalia. Nililia kwa sauti, kifua chote, kama mtoto aliyeachwa kwenye gari. Nikamfunika kitenge juu ya kioo, nikaendelea kulia.

Hilo lilikuwa kosa. Kwetu mtu akisikia kilio hasimami mlangoni kuuliza ni nani. Ni vibaya. Unaingia, unaketi, unalia kwanza, utajua baadaye. Maman Bibiane akasikia kupitia ukuta. Akaingia na mikono kichwani. Nyuma yake wanawake wa shirika. Nyuma yao wanaume na viti. Kabla sijapangusa pua, turubai limefungwa uani, moto umewashwa, na sufuria za shirika zimetolewa chini ya kitanda changu zilipokuwa zinalindwa.

Aloys akafika, akanitazama, akahesabu watu wa nyumba, akakumbuka kwamba mama mukwe wangu, Maman Cibalonza anayekaa kule Walungu, aliumwa goti. Akavua kofia. Akaanzisha rozari kwa ajili ya roho ya Cibalonza. Nilitaka kusema. Lakini niseme nini mbele ya watu wote wenye vitu vyao ndani? Nikaitikia tu.

Priscille akarudi na muhogo kichwani. Akaona turubai, akasikia jina la mama yake, akaanguka na muhogo. Nilimwinua kichwa. Nikamwambia sikioni: si mama, ni Colombe. Akafungua jicho moja. Alinitazama kwa jicho lile ambalo sijawahi kuliona, hata siku ya mahari. Alikuwa anafungua mdomo anitukane hadharani, na alikuwa na haki, ndipo askari walipoingia.

Watano, na toroka, mkokoteni wa kubebea vitu. Hawakuja na toroka ya kusukumwa na watu wawili kwa ajili ya kusali. Mkubwa wao akasimama uani, akaona watu zaidi ya sitini, mishumaa, moto, rozari, Priscille chini. Priscille akafunga kile alichotaka kusema, akatoa kilio kimoja ambacho nadhani walikisikia hadi Bagira. Yule mkubwa akashusha bunduki. Akauliza polepole ni nani. Aloys akamjibu: ni mama. Askari akamgeukia Priscille. Akasema pole, maman. Wakaketi kwenye benchi, wakapewa maharagi, wakala, wakaondoka. Toroka waliisahau.

Kwa hiyo Colombe hata amekufa bado analinda. Nilimwambia Priscille hivyo. Alinijibu kwamba ni watu waliolinda mashini yake, si dudu. Amechoka, maskini.

Jumapili, tarehe 10

Siku mbaya.

Habari za kilio zilifika Walungu na gari la kwanza. Saa tatu asubuhi mama mukwe akashuka na kitambaa kichwani, mzima, goti bovu tu. Amesikia kuna msiba kwa binti yake. Basi akafanya kama mtu mwenye adabu: hakuuliza. Aliingia analia, akaketi katikati ya wanawake wasiomjua, akajilaza begani kwa Maman Bibiane, akalia uchungu mtupu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kuni, Priscille amekwenda kuchota maji. Nilipotokea amekwisha kujililia mwenyewe kwa rozari moja nzima.

Aloys akafika penye kutaja jina la marehemu. Mama mukwe akapangusa macho, akauliza Cibalonza gani. Aloys akasema yule wa Walungu. Akauliza wa Walungu upande gani. Aloys akataja kilima, akataja na goti. Mama mukwe akatazama goti lake. Kisha akasimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaniita kwa jina langu kamili, la ubatizo na la ukoo.

Sitaandika yaliyofuata. Nitasema tu kwamba ilibidi nieleze ni nani aliyekufa, na kwamba Maman Bibiane, aliyelia siku mbili, aliomba kwa upole arudishiwe vitenge vyake. Wote wakachukua vitu vyao. Na kwa kuwa viti vilikuwa pale, na watu pale, wakaona afadhali wachague nyumbakumi papo hapo. Mikono yote kwa Aloys. Wa Priscille pia.

Jumatatu, tarehe 11

Niliamka kumzika Colombe. Nimeandaa kisanduku cha sabuni. Nikafunua kitenge.

Wako wawili!

Mmoja mtupu, mwepesi, amepasuka kichwani, miguu saba. Wa pili amesimama, amepauka, mkubwa kuliko zamani, na mahali pa mguu uliokatika iko mguu mpya, mfupi, mwembamba, mzuri. Nikapiga magoti. Nililia tena, lakini mdomoni nimetia kofia ya askari ili mtu asije.

Priscille akatazama, akasema amevua ngozi, kama nyoka. Akarudi kwenye mashini. Sikubishana naye. Nyoka hapewi mawese wala kamfa wala bia. Nyoka hana hata mguu wa kuota. Hii ni dawa yangu, ninaiona kwa macho.

Nimekwenda kumpa Aloys habari. Hakuamini. Nikamwachia ile ngozi dirishani, ilinde redio yake. Hata shukrani sikupata. Bibi yake ameipiga kwa ndala.

Jumatano, tarehe 13

Mama mukwe bado yuko hapa, goti linamzuia kupanda gari. Hali hii imenipa nafasi ya kurudisha heshima. Jana alipolala mchana nilimpaka mawese gotini, nikamzungushia kamfa, nikamwekea pamba ya bia karibu na mdomo. Aliamka, akanirukia.

Leo tangu asubuhi amekataa kula. Haongei na mimi kabisa. Amelala chali, mikono juu ya kifua, anatazama bati. Priscille amenuna. Mimi natembea uani, moyo mweupe. Dalili zote zinakwenda vizuri. Nimemwomba Priscille tu asimfunike na kitenge kizito, maana ngozi inaweza kupasuka wakati wowote.