Kompyuta Isiyoharibika Yapewa Sifuri

Kwa neema ya Mungu, Kamati ya Kulinganisha Wauza Kompyuta, Singida, inawatangazia wananchi kwamba matokeo yamepatikana. Mimi ndiye katibu. Kila kikao nilikifungua kwa sala, kwa hiyo matokeo haya yana baraka.

Soko huria lilipotufikia, kampuni mbili za Mwanza, Kaskazi na Tumaini, zilituletea kompyuta za majaribio. Ya Kaskazi iliwekwa kwa mwenyekiti wetu, Mzee Mughwai, ikafunikwa kitambaa cha kufuma. Ya Tumaini alipewa Felista, mpiga chapa, kwenye kona ya masijala. Tulitakiwa kupima mambo mawili: huduma ya mafundi na wepesi wa kusimamia. Wizara iliongeza kwamba kompyuta zikishaingia, mtumishi mmoja apunguzwe. Kwa hilo mwenyekiti hakuhitaji kikao.

"Felista, mwanangu, jiandae. Mashine inachapa yenyewe."

"Inachapa yenyewe nani akiwa anabonyeza, mzee?"

"Usilete siasa. Una shamba."

"Shamba halisomeshi watoto."

Ya Kaskazi iliharibika siku ya kwanza. Fundi wao Abdulmajidi akatoka Mwanza, akapita Shelui, basi likamkwamia mlima Sekenke, akatufikia mwekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, pole na safari!"

Akachomeka waya uliochomoka, kompyuta ikawaka, tukapiga makofi. Kwetu mgeni wa mbali haondoki mikono mitupu. Tukampa jogoo.

Wiki iliyofuata waya ulichomoka tena. Akaja, akaondoka na jogoo mwingine. Ikawa hivyo. Watumishi walitoa kuku kwa zamu, mpaka zamu ikamfikia Felista.

"Huyu analalia mayai, mzee."

"Serikali haiwezi kungoja vifaranga."

Kisha kamati ikaenda kuikagua Tumaini.

"Imeharibika mara ngapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Haijaharibika," Felista alijibu. "Barua za ofisi nzima zinatoka hapa."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Sasa huduma ya mafundi wao tutaipimaje? Hatujamwona hata mmoja! Katibu, andika sifuri."

Niliandika. Kaskazi, ambayo fundi wake alikuwa kama ndugu, ilipata alama zote. Kwa wepesi wa kusimamia pia iliongoza, kwani kompyuta iliyozimika haimsumbui msimamizi.

Mkaguzi kutoka wizarani, Bi Zabibu, alikuja kuidhinisha matokeo na kumwondoa wa kupunguzwa. Felista alikuwa amekwisha kufungasha kikombe chake. Mkaguzi aliketi mbele ya mwenyekiti, karibu na ile kompyuta, iliyokuwa imezimika ikimngoja fundi.

"Mzee, hii ikizimika, kazi zinasimama?"

"Hata kidogo!" mwenyekiti alisema kwa fahari.

"Na wewe ukiwa na wageni wako mafundi?"

"Wala! Ofisi yangu, bibie, hata nisipogusa kitu, mambo yanakwenda."

"Anayeyapeleka nani?"

"Si huyo Felista wa masijala."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zabibu, akafunika kalamu yake. "Nilidhani kumtafuta wa kupunguza kutanichukua kutwa nzima."

Mwenyekiti alinigeukia. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikisali.

Mzee Mughwai alirudi kwao Misigiri. Hatukumwacha aende hivihivi. Felista alimletea jogoo wake wa mwisho, kafungwa miguu kwa kamba safi.

"Misigiri ni mbali, mzee. Usiende mikono mitupu."

Kabla gari halijaondoka, Abdulmajidi akaingia na vumbi lake. Alimtazama jogoo akipandishwa garini. Akachungulia nyuma ya jengo, kwenye banda la kuku. Tupu.

"Kuku wamekwisha?"

"Wamekwisha, fundi."

Alipiga magoti nyuma ya kompyuta, akatoa mfukoni parafujo ndogo, akaukaza ule waya. Alikaza kwa nguvu sana.

Tangu siku hiyo Kaskazi haijaharibika. Kwa masikitiko makubwa, kamati imeifutia alama zake zote.