Bwana Wembe Hasomi

Jumatatu, 3 Juni

Forodha wameshika mzigo wa dada! Vitabu, juzuu tatu, vya kutibu waraibu wa dawa za kulevya. Dada ni muuguzi. Kila asubuhi mateja wa mtaa wanakuja barazani kwetu wakitetemeka, naye anawahudumia kwa chai na maneno ya kutia moyo, maana vitabu vya kumwelekeza hana. Wengine wanapona. Wengine tunawazika. Nimemwahidi nitavitoa, na stakabadhi nimeiandikisha kwa jina langu. Mimi na forodha? Mchezo!

Sheria imebandikwa ukutani: kitabu kinachotaja dawa za kulevya, yakatwe yote yanayozitaja. Mkataji ni mzee mmoja mkimya, wanamwita Bwana Wembe. Hasomi! Sheria inamkataza, asije akaharibika. Anaangalia jalada, anageuzia uso ukutani, anakata. Chumba hakina dirisha. Vipande anavitia kwenye magunia, na magunia yanachakarika ingawa hakuna upepo. Sikuyapenda yale magunia.

Maofisa wengine hawagusi vitabu hivyo hata kwa ncha ya kidole. Wanaogopa. Mwenye mzigo ndiye anayebeba, kitabu kimoja kwa siku, kutoka stoo hadi kwa Wembe, korido nzima peke yake. Na kwenye korido kuna choo. Mungu hamtupi mja wake!

Dada anasema niache wakate, atatumia yatakayobaki. Eti ujanja mwingi mbele kiza. Mtu mwema dada yangu, lakini mjini hapajui.

Jumanne, 4 Juni

Ushindi! Jirani yetu anafuga kuku, na jogoo wake ananiamsha alfajiri kwa makusudi, naapa. Nikaazima kwake kitabu cha ufugaji, nikasema nataka kuanzisha mradi. Kinene kama cha dada. Kule chooni nikavua majalada: la dawa nikakivisha kitabu cha kuku, la kuku nikakivisha cha dada. Wakati wa kutoka, mlinzi wa geti aliona picha ya jogoo, akanipungia mkono.

Mle chumbani Wembe akakata kitabu cha jirani, mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na huzuni. Akaniambia wembe wake ukikata jambo mle ndani, nje nako linakatika, halibaki wala halikumbukwi. Ndiyo maana haelewi: miaka yote anakata dawa za kulevya, na bado zimejaa mitaani. Angezikata kweli hata siku moja, akasema, vijana wote wangekuwa wazima. Tena kila jioni akirudi kwake anaona mji umepungukiwa na kitu, asijue ni nini. Nikamwambia pole mzee wangu, pumzika. Moyoni nacheka. Uzee huo!

Dada kapokea juzuu ya kwanza, kaikumbatia, machozi yanamlengalenga. Hakuuliza nimeitoaje. Nilijisikia mtu.

Jumatano, 5 Juni

Nimelala mpaka saa tatu. Kimya cha ajabu. Nje jirani kasimama mbele ya kibanda chake cha waya, bakuli la pumba mkononi, anamwaga chini na kusubiri. Nikamuuliza anamlisha nani. Akasema hajui. Mikono yake imeamka ikafanya kazi hiyo yenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye anayafuta huku anashangaa. Kibandani kuna manyoya. Ya nini? Hakuna ajuaye.

Nimesoma niliyoandika jana. Mara kuku, mara jogoo. Kuku ni nini? Mwandiko ni wangu kabisa. Na jalada la juzuu ya kwanza lina kidubwana chenye kilemba chekundu na jicho moja linalonitazama. Kinatisha! Nikasoma na maneno ya Wembe. Halafu nikaona nikiyafikiria sana nitapatwa na homa, nikafunga shajara.

Dada anataka juzuu ya pili. Hiyo ndiyo inayoeleza arosto, ile mitetemo ya mtu aliyekosa dawa ghafla. Kuna mmoja barazani, hali yake mbaya sana, na dada anaogopa hatamaliza wiki. Kaniomba niharakishe, lakini kwa njia ya halali. Ndiyo dada, nikasema.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika nikiwa chooni, forodhani. Haraka! Jana nimepekua nyumba nzima kutafuta kitabu kinene. Hakuna. Jirani hanifungulii mlango. Mwisho nikaipata albamu ya dada chini ya kitanda chake: dada mchanga, dada shuleni, dada chuo cha uuguzi, dada siku aliyovishwa kofia. Saizi ileile! Picha zenye sura yangu nimezitoa zote, hata zile tulizopiga wawili. Sura kama hii haikatwi. Zilizobaki ni zake peke yake. Atanuna wiki moja, kisha mgonjwa wake atapona na atanishukuru. Ndugu ni kufaana.

Jalada limeingia vizuri. Wembe ananiita. Naenda.

Jumamosi, 8 Juni

Siku mbaya. Nimechemsha chai nikamimina vikombe viwili. Cha pili cha nani? Mlangoni limetundikwa gauni jeupe, limepigwa pasi. Si langu, na hapa naishi peke yangu. Chumba cha pili kina kitanda kimetandikwa. Nimefunga mlango wake nikaweka na kiti.

Barazani wamejaa mateja. Nikawauliza wanataka nini. Wakatazamana. Mmoja akasema huwa wanakuja hapa, kuna mtu, halafu akakwama, akaanza kulia kama yule jirani. Mwingine alikuwa amelala kwenye ngazi, hakuamka. Wenzake wakamfunika shuka wakambeba. Waliobaki nimewafukuza. Kisha nikakaa sakafuni. Nina uchungu ambao sijawahi kuuona, kama mtu aliyefiwa, na sijui nimefiwa na nani. Kurasa za nyuma sitazisoma. Jumatano nusura zinitie wazimu.

Lakini mjanja halali njaa! Juu ya meza nimekuta vitabu viwili vya kutibu waraibu, na stakabadhi ya forodha yenye jina langu: juzuu ya tatu bado iko stoo. Zikitimia zote, hospitali yoyote itazigombania. Kinachotakiwa ni kitu kinene cha kuvisha jalada, na nyumba haina kitabu. Zipo picha zangu tu, rundo zima. Mpiga picha alikuwa hovyo kweli! Katika nyingi nimekumbatia hewa, nacheka na pembeni hakuna mtu. Za kazi gani? Nimezipanga, nikazibana kwa uzi. Unene haukutosha, nikaongeza ile ya utotoni. Sasa zimekaa sawasawa.

Jumatatu nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.